Kutoka DMT hadi Mwendokasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mabasi ya Mjini Dar es Salaam

Ukitaka kujua historia ya mabasi ya Dar es Salaam, anza na majina yake. Si yale yaliyoandikwa kwenye hati za usajili, maana hayo wengi wameyasahau. Nazungumzia yale ambayo abiria wenyewe waliyatunga wakiwa kituoni: kumbakumba, chai maharage, daladala, kipanya, mwendokasi. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi, hasa na vijana waliozaliwa daladala zikiwa zimeshatapakaa na wanaodhani zilikuwepo tangu enzi za Wajerumani.

Kabla ya UDA, shirika la umma la mabasi ya mjini, kulikuwa na nini?

Kulikuwa na DMT, yaani Dar es Salaam Motor Transport, kampuni ya Waingereza iliyoanza kuhudumia mji mwishoni mwa miaka ya 1940. Wakati huo mji ulikuwa unatanuka. Magomeni, Ilala na Temeke zilikuwa zinajengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na wafanyakazi hao walitakiwa kufika bandarini, maofisini na kwenye majumba ya Wazungu kule Oysterbay kila asubuhi. Kutoka Kariakoo unaweza kutembea. Kutoka Temeke unaweza pia, ila utafika umechoka kabla hujaanza kazi. DMT iliendesha mabasi ya mjini pamoja na ya mikoani, na kwa mjini ilikuwa peke yake.

UDA ilizaliwa lini, na kwa nini watu wanaitaja pamoja na KAMATA?

Kwa sababu ni mapacha. Azimio la Arusha lilitoka mwaka 1967, njia kuu za uchumi zikaanza kuwekwa mikononi mwa umma, na zamu ya DMT ikafika mwaka 1970. Mwaka 1974 serikali ikaigawa mara mbili: Usafiri Dar es Salaam (UDA) likachukua mabasi ya mjini, Kampuni ya Mabasi ya Taifa (KAMATA) ikachukua ya mikoani. Jina KAMATA lilizua utani usioisha, maana abiria wa siku hizo kweli alilazimika kulikamata basi kabla halijamponyoka.

Kumbakumba lilikuwa basi gani?

Ikarus, basi refu kutoka Hungaria, lenye mwili wa vipande viwili vilivyounganishwa katikati kwa mpira uliokunjamana kama kinanda cha kuvuta kwa mikono. Likikata kona, kipande cha mbele kilikuwa kimeshageuka huku cha nyuma bado kinanyoosha. Chini ya ule mpira palikuwa na sahani ya chuma ya mviringo iliyozunguka pole pole basi linapopinda. Watoto tuligombania kusimama pale. Mama akikuita ukae, unajifanya husikii.

Jina lilitokana na kazi yake. Kituo kimejaa watu, basi linafika, linawakumba wote, linaondoka, kituo kinabaki cheupe. Sasa vijana wanaona basi la mwendokasi, yale yaendayo haraka kwenye njia yao maalumu, la mita 18 lenye kiungo katikati na kudhani mji haujawahi kuona kitu kama hicho. Wazee wao waliyapanda.

Kwa nini basi UDA ilishindwa?

Hapa kila mtu ana jibu lake la mkato: uzembe, ujamaa, wizi. Uzembe ulikuwepo, sikatai. Lakini ukipanga mambo kwa tarehe utaona shirika lilibanwa kutoka pande zote kwa wakati mmoja.

Kwanza, mafuta. Bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Pili, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni zilizokuwa zimebaki. Bila fedha za kigeni hakuna spea, na bila spea basi lililoharibika giaboksi linabaki karakana, linakuwa duka la spea la mabasi mengine. Leo wanang'oa taa, kesho kioo, keshokutwa tairi. Baada ya miezi kadhaa limebaki ganda.

Tatu, nauli. Serikali iliipanga iwe ya chini ili mfanyakazi aimudu, jambo la haki kabisa, ila pengo la gharama halikuzibwa kwa ruzuku ya kutosha. Nne, watu. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta mji una wakazi kama 270,000. Ile ya 1978 ikakuta mkoa una watu 843,000, na ya 1988 ikakuta milioni 1.36. Abiria waliongezeka mara kadhaa huku mabasi yanayotembea yakipungua. Meneja gani angeweza hapo?

Kwa abiria maana yake ilikuwa moja: kuamka saa kumi alfajiri. Watu walipanda kwa madirisha, walining'inia milangoni, na wengi walizoea tu kutembea kwa miguu kutoka Manzese hadi mjini wakiwa wamebeba viatu mkononi ili visiishe soli.

Chai maharage nayo ilikuwa nini?

Gari dogo la mizigo, mara nyingi pikapu au lori lililofunikwa kwa nyuma, likawekwa mabenchi mawili marefu pembeni. Abiria walikaa wakitazamana, magoti yakigusana, kama watu waliokaa mgahawani wakisubiri chai na maharage. Hiyo ndiyo asili ya jina. Halikuwa na kibali cha kubeba abiria. Lilikuja kwa sababu basi halikuja, na trafiki akionekana mbele, dereva alikata kona kuingia mtaani, na nyie humo nyuma mkakumbatiana bila kutaka. Mtindo wa kukaa kutazamana haujafa: ukienda Unguja utakuta gari za aina hiyo zinaendelea na kazi.

Neno "daladala" limetoka wapi?

Kutoka kwenye sarafu ya shilingi 5, ambayo mitaani iliitwa dala. Magari ya watu binafsi yalitoza nauli ya shilingi 5, juu sana ya nauli ya UDA, na makonda walitangaza bei kwa sauti ili asiyekuwa nayo asijisumbue kupanda: "Dala! Dala! Dala!" Majirani zetu wa Nairobi wana hadithi inayofanana kabisa: matatu ilipata jina lake kutokana na nauli ya vipande vitatu vya senti kumi.

Swali linalofuata huwa: kwa nini shilingi 5 iitwe dala, yaani dola? Wengi wanasema kwamba wakati huo dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na shilingi 5. Hapana. Mwaka 1983 dola kwa bei rasmi ilikuwa imeshapita shilingi 10, na mtaani ilikuwa ghali zaidi ya hapo. Jina ni la zamani kuliko hivyo. Shilingi ya Afrika Mashariki enzi za ukoloni ilikuwa na thamani sawa na ya Uingereza, 20 kwa pauni moja. Katika miaka ya 1940, hadi pauni iliposhushwa thamani Septemba 1949, pauni ilibadilishwa kwa dola 4 na senti kidogo. Gawa 20 kwa 4 unapata 5. Waingereza wenyewe katika lugha yao ya mitaani waliita shilingi 5 "dola". Neno likabaki mjini, likarithiwa na sarafu ya Tanzania huru, na mwisho likapewa basi. Dala yenyewe imeshakufa, hakuna anayeiulizia. Basi linaishi.

Ni kweli daladala zilikuwa haramu?

Ndiyo, hadi mwaka 1983. Mtu binafsi kubeba abiria mjini kwa malipo kulihesabika kama biashara ya magendo. Na tazama mwaka wenyewe: 1983 ndio mwaka wa msako mkali wa walanguzi na wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, watu wakitupa sabuni na khanga usiku wasikutwe nazo. Katika mwaka huohuo serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi yabebe abiria jijini. Hali ilikuwa imebana mno.

Ruhusa ilikuja na kamba shingoni. Mwenye gari alichukua kibali kupitia UDA na kuilipa UDA ada. Shirika lililoshindwa kubeba abiria likawa linawatoza wanaowabeba. Kamba ililegezwa pole pole baada ya mwaka 1986, soko huria liliposhika kasi, na kufikia miaka ya 1990 daladala ndizo zilizokuwa usafiri wa Dar. UDA ikawa na mabasi ya kuhesabika.

Kipanya ni gari gani? Na DCM?

Kipanya ni Toyota Hiace, iliyoitwa hivyo kwa udogo wake na kwa jinsi ilivyojipenyeza popote penye upenyo. Arusha na Moshi wao walikuwa na vifodi, kwa sababu kule zilianza Ford. DCM na Coaster ni zile kubwa kidogo ambazo mtu mzima anaweza kusimama bila kuinamisha shingo, ingawa warefu watanibishia. Katikati ya jiji vipanya viliondolewa hatua kwa hatua ili kupisha magari makubwa, vikahamia pembezoni.

Ule mstari wa rangi ubavuni una kazi gani?

Unaonyesha ruti. Kila njia ina rangi zake, na majina ya mwanzo na mwisho wa safari yameandikwa mbele. Asiyejua kusoma alitambua gari lake kwa rangi, na trafiki alimtambua aliyeiba ruti kwa rangi hiyohiyo. Msimamizi wa mambo haya kwa muda mrefu alikuwa SUMATRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri wa Nchi Kavu na Majini, na tangu mwaka 2019 ni LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini.

"Hesabu ya tajiri" ni nini? Kwa nini dereva wa daladala anaendesha kama anakimbizwa?

Anakimbizwa kweli, na anayemkimbiza ni hesabu. Mwenye gari, ambaye kijiweni anaitwa tajiri hata kama gari lake ni hilohilo moja la mkopo, hamlipi dereva mshahara wa mwezi. Wanakubaliana kiasi cha kumpelekea kila siku. Dereva na konda wanatoa mafuta, wanatoa hesabu, wanatoa za vituoni na za barabarani, kinachobaki ndicho chao. Kisipobaki, wamefanya kazi bure. Pancha ya saa nne asubuhi inaweza kula siku nzima.

Ukishaelewa hilo, tabia zote za daladala zinaeleweka. Gari haliondoki kituoni mpaka lijae, kwa sababu kiti kitupu ni mafuta yaliyopotea. Likishajaa linakimbia, kwa sababu idadi ya tripu ndiyo pesa. Foleni ikiwa mbaya linakatisha ruti, mnashushwa Magomeni wakati mlilipa kwenda Posta. Jioni abiria naye ana mbinu zake: anapanda gari likiwa linaelekea upande ambao haendi, analipa nauli, anafika nalo mwisho wa ruti, anageuza nalo akiwa kwenye kiti. Analipa mara mbili ili asisimame mara moja.

Baba yangu mdogo alikuwa konda wa ruti ya Mwenge–Kariakoo kwenye miaka ya 1990. Noti alizikunja kwa urefu na kuzipanga katikati ya vidole, kubwa chini, ndogo juu. Sarafu alizitingisha kiganjani karibu na sikio lako, *cha-cha-cha*, na hilo lilitosha kuwa ombi la nauli. Hakuandika chochote. Alijua nani amelipa, nani anadai chenji, na yule mama wa dirishani anashuka wapi. "Anko, sogea nyuma pale pana nafasi. Dada, mpakate huyo mtoto. Mzee wangu, ya kwako bado." Kisha anagonga bodi mara mbili, gari linaondoka, yeye anadandia mlangoni likiwa tayari liko mwendo. Akiumwa, nafasi yake ilishikwa na deiwaka, kibarua wa siku anayekaa kituoni akisubiri bahati ya namna hiyo. Siku baba mdogo alipolala na homa kwa wiki mbili, deiwaka aliipenda kazi, na tajiri akampenda deiwaka. Basi. Hakukuwa na barua ya kuachishwa, kwa kuwa hakukuwa na barua ya kuajiriwa.

Kwa nini wanafunzi walikuwa wanaachwa vituoni?

Kwa hesabu ileile. Mwanafunzi analipa nauli pungufu lakini anakalia kiti kizima. Serikali ilipanga punguzo, ila hakuna aliyemfidia konda ile tofauti, kwa hiyo gharama ya huruma ya taifa iliangukia kwa watu wawili wasio na mshahara. Hilo haliondoi ubaya wa kumwacha mtoto mwenye sare chini ya mvua. Nauli za daladala zilipopandishwa Mei 2022 na Desemba 2023, safari fupi kabisa ilitoka shilingi 400 hadi 500, kisha 600. Ya mwanafunzi ilibaki 200.

Treni ya Mwakyembe bado ni sehemu ya hadithi hii?

Kidogo. Oktoba 2012 zilianzishwa treni za abiria za mjini kwa kutumia reli za TRL (kampuni ya reli ya Tanzania) na TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia), na wananchi wakazipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Tena jina likatoka kwa abiria.

Mwendokasi ilianza lini, na kwa nini ilichukua miaka mingi hivyo?

Wazo lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kleist Sykes akiwa meya wa jiji, kwa kufuata mfano wa Bogotá, Kolombia: badala ya kuchimba reli ya gharama kubwa, tenga njia ya basi katikati ya barabara, gari jingine lisiingie. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART) uliundwa mwaka 2007. Ujenzi wa awamu ya kwanza, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na mkandarasi Strabag, ulianza 2012 na kukamilika 2015: kilomita 20.9, kutoka Kimara hadi Kivukoni kupitia Barabara ya Morogoro, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016, nauli ya njia kuu ikiwa shilingi 650.

Ucheleweshaji ulikuwa na sababu nyingi: fidia za nyumba na maduka, nguzo na mabomba ya kuhamisha, na kubwa kuliko zote, swali la nani ataendesha. Wenye daladala hawakuwa tayari kuambiwa tu waondoke Barabara ya Morogoro, njia iliyonona kuliko zote.

Kwa mtu wa Kimara mwanzo wake ulikuwa kama miujiza. Safari ya asubuhi iliyokula muda wa saa mbili ikawa ya chini ya saa moja. Jiji likapata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Kisha abiria wakaongezeka, mabasi 140 ya mwanzo yakaanza kuchakaa, na ile picha ya zamani ikarudi: kituo kimefurika, mlango unafunguliwa, watu wanapitia madirishani. Aliyeiona UDA ya 1980 hakushangaa.

DART, UDART, UDA: tofauti ni ipi?

DART ni wakala wa serikali, msimamizi wa mfumo. UDART ni kampuni iliyopewa kazi ya kuendesha mabasi ya awamu ya kwanza, na katika kuundwa kwake waliingizwa UDA pamoja na wamiliki wa daladala. UDA ni shirika lilelile la 1974, ambalo uuzwaji wa hisa zake kwa mwekezaji binafsi mwaka 2011 ulizua mjadala mrefu, hadi bungeni. Kwa hiyo jina la UDA lilirudi barabarani kwa mlango wa nyuma.

Kwa nini mvua ikinyesha mwendokasi inasimama?

Jangwani. Karakana kuu ilijengwa kwenye bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo maji yamekuwa yakipita tangu kabla ya kuwepo mji. Mto ukijaa, barabara inafungwa, karakana inageuka bwawa na mabasi yanaharibika. Wakazi wa bonde hilo walikuwa wakiambiwa kila msimu wahame kwa sababu ni mabondeni, halafu karakana ikajengwa papo hapo. Mimi sijawahi kuisikia sababu ya kuniridhisha. Suluhisho lililochaguliwa ni kujenga daraja refu la juu na kuhamisha karakana, ndani ya mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi.

Awamu ya Mbagala je?

Barabara ya awamu ya pili, kilomita 20.3 kupitia Barabara ya Kilwa, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Vituo vilikaa muda mrefu vimekamilika bila mabasi, na watu wa Mbagala Rangi Tatu wakavitumia kwa kujikinga jua wakisubiri daladala.

Daladala zitaisha lini?

Hazionyeshi dalili. Mwendokasi imezitoa kwenye barabara kuu zilizojengewa njia, lakini jiji lenye watu milioni 5.38 kwa sensa ya 2022 limeshavuka barabara kuu siku nyingi. Mtaa mpya unapoota huko Goba au Kinyerezi, anayefika kwanza ni bodaboda, anafuata bajaji, halafu siku moja Hiace chakavu inajaribu njia. Abiria wakiwepo, inabaki.

Nenda Mbezi Mwisho saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mpiga debe kashika mlango wa Coaster iliyojaa nusu, anaapa kwa sauti iliyokauka: "Wawili tu, wawili tu tunaondoka!" Unaingia, unakaa. Wanaingia wengine saba. Bado anahitaji wawili tu.